Programu Iliyokaa Kimya: Kwa Nini Huanza kwa Kusuasua

Mabibi na mabwana, mtu akilalamika kwamba programu yake hukwama kila akirudi kutoka mapumzikoni, mwulizeni kwanza: inakwama kwa muda gani? Nusu ya jibu imo humo.

Ikijikongoja kwa sekunde kadhaa, menyu hii ikifunguka na ile ikisita, huku taa ya diski ikimetameta, shukuni kumbukumbu. Mfumo endeshi huigawa RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayotumiwa na programu zinazoendeshwa, katika kurasa, kwa kawaida za kilobaiti 4. Nafasi ikibana, kurasa ambazo hazijaguswa kitambo ndizo huondolewa kwanza. Zenye data iliyobadilishwa huandikwa diskini: kwenye pagefile.sys katika Windows, kwenye swap, eneo la diski lililotengwa kwa kazi hiyo, katika Linux. Za msimbo, yaani maagizo ya programu yenyewe, hutupwa tu, maana nakala yake ipo kwenye faili la programu. Ukiibofya, programu inagusa ukurasa usiokuwepo, inasimamishwa, ukurasa unasomwa, inaendelea, kisha inajikwaa kwenye mwingine.

Pigeni hesabu. Kusoma RAM huchukua kama nanosekunde 100. Diski ya sahani zinazozunguka, kama milisekunde 10. Ni mara laki moja! Kurasa 500 zilizotawanyika zinakula sekunde 5. Kwa SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, kila ukurasa ukichukua milisekunde 0.1, zote huisha kwa milisekunde 50, na mtumiaji hahisi kitu.

Kuhakikisha, katika Linux endesheni amri ya vmstat 1, kisha rudini kwenye programu mkiitazama safu iitwayo "si", inayoonyesha kinachorudishwa RAM kutoka swap. Ikipanda, mmempata mkosaji. Ongezeni RAM, au shusheni vm.swappiness, mpangilio wa Linux unaoamua kiasi cha kupendelea swap, kutoka 60 ya kawaida hadi 10. Wapo wanaozima swap kabisa. Hiyo ni dawa mbaya. Kurasa za msimbo zitaendelea kutupwa vilevile, na RAM ikiisha mfumo utaanza kuua programu.

Ikiganda mara moja tu, sekunde chache, kisha ikateleza vizuri, huenda diski ilisimamishwa kuokoa umeme na sasa inasubiriwa izunguke tena. Amri ya hdparm -C, ikifuatiwa na jina la diski, itaonyesha kama imelala.

Ikiganda dakika nyingi, acheni kompyuta, tazameni mtandao. Ngome ya mtandao (firewall), inayochuja mawasiliano yanayopita, hufuta kwenye jedwali lake miunganisho iliyokaa kimya, mara nyingi bila kuzijulisha pande mbili. Programu inatuma ombi kwa seva kupitia muunganisho uliokwisha kufa, jibu halirudi, na Linux hurudia kutuma mara 15 kabla ya kukata tamaa: kama robo saa nzima. Vifurushi vya kuuweka hai muunganisho vipo, ila Linux huanza kuvituma baada ya sekunde 7200, na ngome nyingi hazisubiri saa mbili. Shusheni muda huo, uitwao tcp_keepalive_time, hadi sekunde 300. Lakini angalieni pia mipangilio ya programu yenyewe: isipoomba huduma hiyo inapofungua muunganisho, namba hiyo haitabadili chochote.