Mzigo Ulifika Lini Hasa? Data na Akili Mnemba katika Kupokea Shehena

Ndugu wasikilizaji, nianze na swali ambalo maghala mengi hulijibu vibaya: mzigo ulifika lini? Lori limeingia getini Ijumaa saa kumi jioni. Jumamosi limepangiwa mlango, likashushwa. Jumatatu karani akaingiza hati ya kupokelea kwenye mfumo, na tarehe inayobaki kwenye kumbukumbu ni hiyo ya Jumatatu. Chukua kumbukumbu za namna hii za miaka 2, ulishe programu ya akili mnemba ikutabirie mizigo itafika lini. Itajifunza vizuri kabisa ratiba ya karani, na siku 3 za uzembe wetu zitaandikwa deni la msambazaji.

Kwa hiyo kabla ya kununua programu yoyote, tenganisheni nyakati: oda ilipotumwa, ilipokubaliwa, mzigo ulipotoka kiwandani, ulipopakiwa melini, uliposhushwa bandarini, ulipotolewa forodhani, ulipofika getini, ulipoanza kushushwa, ulipopangwa rafuni. Kila tukio liandikwe pale linapotokea, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku na saa, pamoja na saa za eneo husika. Tarehe 03/04 kwa mmoja ni tatu Aprili, kwa mwingine ni nne Machi.

Taarifa ya mzigo itangulie mzigo wenyewe. Ibebe namba ya oda na ya mstari wake, msimbo wa bidhaa, idadi, kizio cha idadi hiyo (kipande, katoni au paleti), na namba ya kila paleti. GS1, shirika la kimataifa la viwango vya misimbo ya bidhaa, wana namba ya tarakimu 18 kwa ajili ya paleti. Itumieni, msibuni yenu. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia, kwa hiyo mfumo unaweza kukataa karibu kila kosa la kuandika palepale. Kinachosumbua zaidi ni kizio. Msambazaji ameandika 40 akimaanisha katoni za vipande 24, mfumo wa mnunuzi ukasoma vipande 40. Vipande 920 vimepotea kwenye karatasi, na mfumo unaagiza upya bidhaa ambayo tayari iko njiani.

Na data isiende upande mmoja. Wanunuzi wengi hudai taarifa kutoka kwa msambazaji huku makadirio yao wameyafungia kabatini. Mpe makadirio ya wiki 13, uyasahihishe kila wiki, ukimwonyesha wiki zipi ni za uhakika na zipi bado zinaweza kubadilika. Hapo ndipo naye ataona faida ya kukueleza mapema kwamba malighafi imemchelewea.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo pesa ilipo. Tuseme mnauza vipande 100 kwa siku, mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi idadi inavyopanda na kushuka kuzunguka wastani, ukiwa 20. Mzigo huchukua siku 30, mkengeuko siku 6. Akiba ya tahadhari, yaani bidhaa za ziada za kuzuia ghala kuishiwa, kwa kiwango cha asilimia 95 (kigezo chake ni 1.65), ni 1.65 mara kipeuo cha pili cha jumla hii: 30 mara 20 mara 20, ongeza 100 mara 100 mara 6 mara 6, kisha utafute kipeuo chake kabla ya kuzidisha. Jibu ni vipande 1,006 hivi. Punguza mkengeuko wa mauzo kwa nusu, uwe 10: akiba inashuka hadi 994 tu. Punguza badala yake mkengeuko wa siku za safari kutoka 6 hadi 3: inashuka hadi 527. Makampuni humwaga fedha kutabiri mauzo, na kwa mzigo wa safari ndefu faida kubwa imelala upande wa pili.

Akili mnemba iingie hapo. Isiwape tarehe moja. Iwape mbili, ile ambayo nusu ya mizigo hufika kabla yake na ile ambayo mizigo 9 kati ya 10 hufika kabla yake. Ya kwanza ni ya kupangia milango na vibarua, ya pili ni ya kuahidi wateja. Muwe macho na mtego mmoja: mifumo mingi hufuta tarehe ya matarajio ya zamani kila inapopata mpya. Programu ikifundishwa kwa tarehe ya mwisho, imeonyeshwa majibu ya mtihani. Kwenye majaribio itang'ara, kazini itaanguka. Hifadhini kila toleo la tarehe hiyo pamoja na saa lilipopokelewa. Vilevile, tarehe ya kufika inayotangazwa na meli kwenye mawimbi ya redio ya kuitambulisha huandikwa kwa mkono na mabaharia na mara nyingi huwa imepitwa. Mahali meli ilipo na mwendo wake ndivyo vya kutegemea.

Kusoma nyaraka ni kazi nyingine inayoifaa. Iache ichambue ankara na orodha ya vifurushi, lakini iingize yenyewe pale tu oda, ankara na hesabu ya mlangoni zinapolingana hadi kizio. Zisipolingana, mstari huo umwendee mtu, picha ya waraka ikiwa kando yake, na sahihisho lake lirudi kuifundisha programu.