Fungua Kifuniko Kabla ya Kutuma Pesa

Mhadhara kwa vijana na wazazi, Kisumu

Ndugu mwenyekiti, wazazi, na ninyi vijana mliojaa hadi mlangoni, hamjambo. Nimeombwa nieleze jinsi ya kupata kompyuta ya kuchezea michezo ya kisasa bila kuuza ng'ombe. Nimelisema jambo hili hapa Kisumu, nimelisema Kakamega na Nakuru, na leo nalisema tena kwa sababu watu bado wanaibeba hasara ile ile hadi nyumbani. Fungua kifuniko kabla ya kutuma pesa. Hata ukisinzia baada ya hapa, ondoka na hilo.

Nianze na stika. Ile stika ndogo iliyobandikwa mbele ya kompyuta, imeandikwa Core i7, jina la prosesa ya Intel, ule ubongo wa kompyuta. Mtu akishaiona hiyo, haulizi kingine. Jamani, Intel walianza kuuza i7 mwaka 2008! Kutoka hapo hadi juzi zimetoka i7 za kila rika, na zote ni i7. Ukitaka kujua umri wake, soma namba inayofuata kistari. i7-2600 ni kizazi cha pili, ya mwaka 2011. i5-8500 ni kizazi cha nane, ya 2018. i3-12100 ni kizazi cha kumi na mbili, ya 2022. Na hapa ndipo watu hubishana nami kila mara: hiyo i3, mnayoidharau kwa jina, inaiacha i7-2600 mbali sana kwenye michezo. Tena si suala la kasi peke yake. Iko michezo mipya inayodai maagizo yanayoitwa AVX2, na prosesa za Intel zilianza kuwa nayo kizazi cha nne, mwaka 2013. Kwa i7-2600, mchezo wa namna hiyo hauendi polepole. Haufunguki kabisa.

Ongeza jambo la Windows. Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi za Ulaya zinapoziondoa mashine za zamani, haziziteketezi. Zinauzwa, zinapakiwa kwenye makontena, na nyingine zinateremka Mombasa kisha zinapanda hadi kwetu zikiwa zimepanguswa vumbi na kubandikwa stika mpya.

Mama yeyote aliyeketi hapa, akishuka Dunga kununua ngege, hamsikilizi muuzaji anavyosifu. Anafunua mashavu ya samaki atazame wekundu, anabonyeza mwili, ndipo anauliza bei. Mama huyo huyo akienda kumnunulia mwanawe kompyuta ya elfu arobaini, anaonyeshwa skrini inayowaka, anatoa simu, anatuma. Kwa nini, mama? Samaki ni wa leo jioni. Kompyuta utakaa nayo miaka.

Niwaeleze ya kijana mmoja wa Kondele. Zamu ya mama yake ya chama ilifika, akampa pesa anunue kompyuta ya chuo. Kijana akataka itakayomfanyia kazi za chuo mchana na kucheza FC, ule mchezo wa kandanda, usiku, na hilo ni haki yake, sioni kosa. Akaenda duka moja mjini. Akaambiwa: i7, RAM 16 (kumbukumbu ya kufanyia kazi), kadi ya grafiki (ile inayochora picha za mchezo) GB 4. Ukisikia hivyo si unaona mashine imekamilika? Akalipa. Kufika nyumbani, FC ikakataa. GTA V ikafunguka, lakini gari likawa linatoka kona hii na kutokea kona ile bila kupita katikati.

Akaniletea. Nikafungua. Kadi ilikuwa GT 730. Vijana, likaririni jina hilo. Ni kadi ya mwaka 2014, iliyotengenezwa mtu aunganishe skrini ya pili na kutazama video. Zile GB 4 zilikuwapo kweli, hakudanganywa kwa hilo. Lakini GB za kadi zinakuambia inaweza kushika data kiasi gani. Hazikuambii inaishughulikia kwa kasi gani. GT 730 ya DDR3 haisafirishi hata GB 30 za data kwa sekunde. GTX 1050 Ti, yenye GB 4 zile zile, inasafirisha 112. FC 24 inaitaja hiyo 1050 Ti kuwa kiwango cha chini kabisa. Kwa hivyo GB 4 na GB 4, na moja haifiki hata theluthi ya kasi ya nyingine.

Basi kijana ana bidii. Akaiuza ile GT 730, akafanya vibarua, akaagiza RX 580 kutoka Nairobi, ikaja na basi kama parseli. RX 580 ni kadi nzuri ya 2017, ina GB 8, na hadi leo inacheza mengi. Shida ni kwamba inakula wati 185. Kompyuta yake ilikuwa ile nyembamba ya ofisini, pawa saplai yake, kile kisanduku kinachogawa umeme, wati 240 kwa mashine nzima. Soketi ya kadi kwenye ubao mama, ule ubao mkubwa wa ndani, hutoa wati 75, haizidishi. Zinazobaki lazima zipite kwenye waya wa pini 6 au pini 8 unaotoka pawa saplai, na pawa saplai ile haikuwa na waya huo. Kadi nayo ilikuwa pana kuliko kesi, haikukubali kufunikwa.

Fundi mmoja akamwambia, hiyo si shida. Akaiacha kesi wazi, akaweka adapta ya kuchota umeme kutoka waya wa SATA, ule unaolisha hard disk. Waya wa SATA umeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Mlango wa pini 6 wa kadi unaruhusiwa kuvuta 75, na ule wa pini 8 unaruhusiwa 150. Fanyeni hesabu wenyewe. Mchezo ukaanza, kadi ikaanza kuvuta, na adapta ikayeyuka. Nimeishika mkononi ile adapta: plastiki nyeupe imegeuka kahawia upande mmoja, pini mbili zimegandamana, na harufu bado iko. Mshukuru Mungu nyumba haikuungua.

Hesabu ya mama basi: kalipa kompyuta, kalipa kadi, kalipa nauli ya parseli, kalipa fundi. Na kijana karudi kwenye kibanda cha PlayStation kulipia kila mechi.

Linaloniuma ni kwamba haya yote yalionekana palepale dukani, nyuma ya skrubu moja. Nyingine hata skrubu hazina, unavuta kitasa na ubavu unafunguka. Sasa kuna mtu ataniambia, mwalimu, muuzaji hakubali, anasema ukifungua warantii inaharibika. Warantii ni yake, afungue yeye mwenyewe! Wewe simama utazame. Akikataa hata kufungua kwa mkono wake, mwambie asante na uvuke barabara. Mwingine atasema, mimi nikifungua sitaelewa ninachokiona. Utaelewa, maana unatazama vitu vichache.

Tazama umbo kwanza. Kompyuta za ofisini, OptiPlex za Dell, EliteDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo, huja kwa maumbo tofauti na jina moja. Kuna mnara, kuna nyembamba, kuna ile ndogo inayotoshea chini ya mkono. Ile ndogo iache kabisa, haina mahali pa kadi ya kawaida. Nyembamba inakubali kadi za kimo kifupi tu, na hizo ni chache na ni ghali. Chukua mnara. Halafu soma karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai, imeandikwa wati. Halafu tafuta kwa macho yako waya wa pini 6 au 8 usiotumika. Ukiuona, una uhuru wa kuchagua kadi. Usipouona, ununue kadi isiyohitaji waya. Na usijidanganye kwamba utabadilisha pawa saplai baadaye kwa urahisi, kwa sababu kwenye nyingi ya mashine hizo plagi ya ubao mama si ile ya kawaida ya ATX.

Kadi zisizohitaji waya zipo. GTX 1650 ya 2019, yenye wati 75, nyingi hazina mlango wa waya, lakini ziko zilizo nao, kwa hivyo itazame kabla ya kulipa. Mpya zaidi ni RTX 3050 ya GB 6, ya 2024, yenye wati 70. Sikilizeni, GB 6! Iko RTX 3050 nyingine ya GB 8, ya 2022, na hiyo inakula wati 130. Jina ni moja, mahitaji ni mawili. Mnara wenye i5-8500 na RTX 3050 ya GB 6 utacheza michezo mingi ya leo kwa skrini ya 1080 (Full HD), baadhi kwa mpangilio wa chini, na Windows 11 itakaa bila ubishi. Mwenye mfuko mfupi, hiyo ndiyo njia ninayoiamini.

Mwenye zaidi kidogo ajijengee. Prosesa i3-12100F au Ryzen 5 5600, kadi RX 6600 ya GB 8, na pawa saplai ya wati 500 ya kampuni inayojulikana. RX 6600 inatosheka na wati 132, na kwa 1080 sioni sababu ya kijana wa hapa kukopa ili apate zaidi. Karibu nusu ya pesa yote iende kwenye kadi. Kesi yenye taa za rangi saba haiongezi hata fremu moja.

Najua wapo wanaosema, nunua PlayStation umalize. Kama ni kucheza tu, sikukatazi. Lakini PlayStation haitaandika ripoti ya chuo, haitachora ramani ya nyumba, haitahariri video za harusi ukalipwa. Na kucheza mtandaoni michezo mingi ya kulipia kwenye PlayStation kunataka ada ya PS Plus, ilhali Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, haidai kitu. Epic, duka jingine la namna hiyo, walianza kugawa michezo ya bure mwisho wa 2018, na tangu 2019 wamekuwa wakigawa kila wiki. Dota 2, Counter-Strike 2, eFootball, zote bure. Mzazi, hizo ni pesa zinazobaki nyumbani mwezi baada ya mwezi.

Na laptopu? Laptopu inabebeka, kweli. Lakini RTX 4050 ya laptopu inaweza kupewa wati 35 au wati 115 kulingana na mtengenezaji, na jina kwenye stika halibadiliki. Na safari hii kifuniko hakikusaidii. Uliza wati, na asiyeweza kukujibu asiuze laptopu ya michezo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitakimbia.

RAM: vipande viwili vya 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, hasa ukitumia prosesa yenye grafiki ndani kama Ryzen 5 5600G, ambayo ni mwanzo mzuri kwa asiye na pesa ya kadi. Bei za RAM zilipanda sana duniani mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinakimbilia kuuzia vituo vya akili mnemba, kwa hivyo mashine iliyokuja na RAM yake ndani ni nafuu zaidi ya unavyodhani. SSD, ile diski ya kasi ya kuhifadhia: lazima. Red Dead Redemption 2 peke yake inataka GB 150, kwa hivyo usichukue ya 256 ukitegemea itatosha, na fikiria pia utaipakua kwa bando gani.

Kadi za mitumba: Ethereum, sarafu ya kidijitali iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi za grafiki, iliacha uchimbaji Septemba 2022, na kadi nyingi zilizochoka zikaingia sokoni. Tena kuna RX 580 iliyoandikwa 2048SP. Hiyo ni RX 570 kwa jina la kuazima, maana 580 halisi ina vichakataji vidogo 2304, si 2048. Usinunue kadi ambayo hujaiona ikifanya kazi nusu saa mfululizo chini ya mchezo mzito, ukisikiliza feni na kutazama joto.

Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, ndiyo inayoua pawa saplai. Kwa mtaa wenye stima mbovu, UPS, ile betri ya akiba, ije kabla ya taa za rangi. Na wa huku ziwani, wadudu wa ziwa wakija kwa wingi wanavutwa na feni ndani ya kesi. Weka wavu mbele, upanguse kila mwezi.

Skrini nilitaka kuizungumzia, siwezi tena. Aliye na bei aliyoandikiwa na duka, kwenye karatasi au kwenye simu, asiende nyumbani nayo. Aje hapa mbele sasa tuipitie mstari kwa mstari, na mama mwenye mfuko wa kijani pale awe wa kwanza, maana amesema analipa kesho asubuhi.