Punje ya Mchele, Punje ya Njegere

Asalaam aleikum, wazazi. Leo ni dawa ya meno, na naanzia nyuma ya tyubu, kwenye maandishi madogo. Tafuta floridi, madini yanayokinga jino: iwe kati ya 1000 na 1500 ppm, yaani sehemu kwa kila milioni ya dawa. Zile za watoto zenye ladha ya stroberi, nyingine zina 500 tu na nyingine hazina kabisa. Katuni haizuii jino kuoza.

Mtoto akimumunya mabuyu, vijidudu vya mdomoni hugeuza ile sukari kuwa asidi, na asidi hunyonya madini ya gamba la jino. Mate huyarudisha polepole. Floridi huharakisha kazi hiyo na kuliacha gamba imara zaidi. Ndiyo maana mabuyu yaliyoliwa mara moja yana nafuu kuliko pakiti inayodonolewa kutwa: jino halipati nafasi ya kupona.

Kipimo sasa. Tangu jino la kwanza hadi miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Ule mstari unaojaza mswaki mzima kwenye matangazo ni wa kuuza dawa. Njegere moja ni kama robo gramu, yaani takriban miligramu 0.36 za floridi kwa dawa ya 1450 ppm. Akiimeza siku moja, si neno. Kumeza nyingi kila siku, wakati meno ya ukubwani yangali yanaundwa ndani ya ufizi, ndiko huleta madoa. Wale wenye meno ya kahawia kule Nakuru na Naivasha, kwao ni maji ya visima yenye floridi nyingi. Basi tyubu ikae juu, asiifikie.

Mlaze kichwa mapajani, inua mdomo wa juu kwa kidole. Ukiona mstari mweupe kama chokaa pale jino linapokutana na ufizi, kuoza kumeanza, lakini bado kunarudi nyuma. Pakishakuwa shimo, ni kazi ya daktari.

Mpige mswaki mara mbili kwa siku, dakika 2, ya usiku ikiwa ya mwisho kabla ya kulala. Baada yake hakuna chupa ya maziwa. Kisha ateme tu. Hapa ndipo tunapoharibu: tunamsukutulisha mara tatu kama wa udhu, floridi yote ikaenda na maji. Na mswaki wa mti, mashaallah, unasafisha, ila hauchukui nafasi ya floridi.

Shikeni mswaki nyinyi wenyewe hadi mtoto afike miaka 7 au 8. Karibu na miaka 6 gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, na wazazi hudhani ni la utotoni, litatoka. Halitoki. Mswaki ufike huko.