Injini ya mtumba isiwashwe moto siku ya kwanza

Habari za mchana, ndugu zangu. Waliosimama mlangoni waingie, viti vipo huku mbele. Aliyekuja na injini yake aiweke kwenye meza ile yenye taulo.

Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa garimoshi dogo la mvuke la mtumba, na nimepewa mambo sita ya kugusa. Naanza na boila, yaani tangi la kuchemshia maji, na wanaonifahamu wanajua kwamba nitakaa hapo. Nakaa hapo kwa sababu kila mwaka, hapa hapa Uingereza, namwona mtu anatoka mnadani na injini kwapani, anafika nyumbani, anajaza maji, anawasha moto. Siku hiyo hiyo! Hajui ilikaa kabatini miaka mingapi. Hajui nani aliifungua mara ya mwisho, wala alirudisha nini. Shati la mtumba unalifua kabla ya kulivaa. Iweje boila uiwashie moto kabla ya kuijua?

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, mzee wangu: hiki ni kitu cha kuchezea, boila yenyewe inaenea kiganjani. Sawa. Lakini maji yaliyomo si maji ya birika. Kwenye boila iliyofungwa yamevuka nyuzi 100 na bado ni maji, kwa sababu tu presha imeyabana. Boila ikipasuka, kibano kinatoka na sehemu ya maji yale inageuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wa kawaida inajaza zaidi ya lita 1,600. Hata kikombe kimoja ndani ya chumba, mbele ya uso wa mtoto, si mchezo.

Na uso wa mtoto nimeutaja kwa makusudi. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua injini ya kijani, magurudumu manne, boila ya shaba. Mwenye nayo, ambaye simtaji wala simtaji aliyeiunda, aliniambia imetembea vizuri miaka yote. Presha yake ya kazi ni 40, kwa kipimo kile kile cha matairi ya gari, ambapo gari dogo huwa na 30 na kitu. Mwanangu alikuwa na miaka saba. Alishika kiberiti tangu asubuhi, akaweka kidevu mezani ili aone moshi ukitoka. Nami nilitamani kuwasha kama yeye. Nikamwambia, subiri baba, kwanza tuipe maji baridi.

Nikaijaza maji ya bomba hadi juu kabisa, nikaitikisa mapovu yote yatoke, nikafunga pampu ndogo ya mkono na geji yangu mwenyewe ya kusomea presha, kwa sababu geji ya injini ya mtumba siiamini hadi nimeilinganisha na nyingine. Valvu ya usalama, ile inayofunguka yenyewe presha ikizidi, niliiacha mahali pake, nione inafunguka wapi. Nikapampu taratibu. 20, kimya. 30, kimya. 40, hapo ilitakiwa ianze kutoa maji. Kimya. 45. Mwanangu akauliza, mbona unaacha? 50, kimya. Nikafungulia presha yote.

Nilipoifungua valvu, kile kigololi cha ndani kilikuwa kimegandia kwenye kiti chake. Mafuta yaliyoungua yalikuwa yamechanganyika na kutu ya kijani ya shaba, yakawa kama gundi. Nilikigonga kwa kijiti cha mbao mara tatu ndipo kikatoka. Ingekuwa moto, presha ingeendelea kupanda na pasingekuwa na pa kutokea isipokuwa kwenye kiungo dhaifu kuliko vyote. Na kiungo hicho tulikiona dakika chache baadaye. Niliziba tundu la valvu, nikapandisha hadi 60, na penye shingo ya bomba la mvuke likatokea tone. Likakua polepole hadi ukubwa wa punje ya mtama, likaanguka, likaanza jingine. Mwanangu ndiye aliyeliona wa kwanza. Taulo likalowa kidogo, basi. Maji baridi hayabaniki, kwa hiyo kitu kikiachia, presha inakufa pale pale. Ndiyo maana tunapima kwa maji, na ndiyo maana hatupimi boila kwa hewa. Hewa inabanika, nayo ikiachia inarusha vyuma.

Basi kanuni ni hii. Boila mpya hupimwa kwa maji mara mbili ya presha ya kazi. Iliyokwisha kutumika, mara moja na nusu. Ya kazi 40, unapima 60. Valvu ya usalama ipimwe peke yake, na ifunguke mbele ya macho yako. Usije ukaniambia cheti cha kupimwa boila kipo. Soma tarehe ya cheti kwanza, kisha angalia kama namba iliyomo ndiyo iliyogongwa kwenye boila.

Jambo jingine la boila ni kulehemu. Nyingine zimelehemiwa kwa risasi laini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi, nyingine kwa lehemu ya fedha, ambayo huvumilia zaidi ya 600. Maji yakiwemo, zote ziko salama. Yakikauka na moto unawaka, ya risasi imekwisha. Kwa hiyo moto uishe kabla ya maji, na moto unapimwa: spiriti kiasi fulani, maji kiasi fulani, unaandika kwenye daftari. Maji ya bomba niliyotaja ni ya kupimia tu. Ya kuchemshia yawe ya mvua au yaliyotoneshwa, la sivyo unapata ukoko mweupe kama wa birika la chai. Hata yale magarimoshi ya Garratt ya daraja la 59, makubwa kuliko yote ya mvuke kwenye reli yenye upana wa mita moja, 34 yaliyoundwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, yalizimwa moto na kuoshwa boila kutoa ukoko huo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka.

Kikombe cha mafuta. Mvuke unaingia, unapoa, unakuwa maji, maji yanazama na kuyasukuma mafuta kwenda kwenye silinda. Kila baada ya safari toa maji, jaza mafuta mazito ya silinda za mvuke, si ya gari. Shika karatasi juu ya bomba la moshi injini ikitembea. Usipoona madoa ya mafuta, pistoni zinasagana kavu.

Silinda zinazoyumba, kama za magarimoshi madogo ya kampuni ya Mamod yaliyoanza kuuzwa mwaka 1979: mvuke ukivuja ubavuni, usikimbilie kukaza springi. Toa silinda, isugue uso kwa msasa laini kabisa uliolazwa juu ya kioo, halafu irudishe.

Injini ikikwama kila mzunguko mahali pale pale, fungua vyuma vya ubavuni vinavyounganisha magurudumu na usukume magurudumu kwa kidole. Yakienda laini, tatizo ni vyuma hivyo au pembe ya kishikizo kimoja cha gurudumu imehama. Hapa pampu ya hewa ya mguu inaruhusiwa, kwa presha ndogo, moja kwa moja kwenye silinda, boila ikiwa imetengwa.

Kwa injini za kuwashwa kwa gesi, kijitundu cha gesi kikiziba, usikichokoe kwa sindano. Kipulizie kwa nyuma.

Oringi zote, vile vipete vya mpira vya kuzuia kuvuja, badilisha. Sina muda wa kueleza, badilisheni tu.

Pampu ninayo hapa, na ndoo ya maji iko chini ya meza. Aliyenunua ile nyekundu asubuhi ya leo, nimekuona ukitafuta kiberiti. Tuanze na yako.