Ndege 5 zinatosha ratiba yako? Pima kwa simulesheni ya Excel

Karibuni tena watazamaji. Leo tunapanga upatikanaji wa ndege kwa simulesheni, yaani kuigiza mwaka mzima kwa namba za bahati nasibu, na Excel ya kawaida inatosha. Chukua mfano wa kampuni ndogo Arusha yenye Cessna Caravan 5 zinazopeleka watalii Seronera, ndani ya Serengeti, na viwanja vingine vya vumbi. Ratiba inadai ndege 4 kila asubuhi.

Fungua jedwali jipya. Safu A andika siku, 1 mpaka 365. Safu B hadi F ni ndege zako. Kwenye B2 andika =IF(RAND()<0.9,1,0), kisha buruta mpaka F366. Hapo umesema kila ndege ina uwezekano wa asilimia 90 kuwa nzima siku hiyo: 1 inaruka, 0 iko karakana. Safu G jumlisha. Pembeni andika =COUNTIF(G2:G366,"<4").

Tazama jibu. Wastani wako ni ndege 4 na nusu kwa siku, umevuka lengo. Lakini siku ulizopungukiwa zinacheza kwenye 30! Bonyeza F9 mara kadhaa uone namba ikipanda na kushuka palepale. Karibu mwezi mzima kwa mwaka, abiria kafika uwanjani na mizigo yake, ndege hana. Meneja anayepanga kwa wastani pekee anawaumiza watu hawa bila kujua.

Na bado tumejipendelea, kwa sababu ndege iliyoharibika leo si lazima ipone kesho. Toa kitabu cha ndege, kile marubani wanachoandikia hitilafu. Safu J orodhesha kila hitilafu ililaza ndege siku ngapi, tuseme ziko 40. Usizitafutie wastani, ziache zilivyo: tairi siku 1, kipuri kilichoagizwa nje kikakwama forodhani siku 20. Hizo ndefu ndizo zinazobomoa ratiba. Mwaka 2022 Air Tanzania ilisimamisha baadhi ya Airbus A220 zake kwa tatizo la injini. Ndege zenyewe zilikuwepo, injini mbadala hazikupatikana.

Sasa laha mpya. Orodha ya safu J ihamishie humo, J2 hadi J41. B2 hadi F2 weka 0. B3 andika hii, kisha buruta mpaka F367:

=IF(B2>0,B2-1,IF(RAND()<0.02,INDEX($J$2:$J$41,RANDBETWEEN(1,40)),0))

Isome polepole. Ndege iliyolala inapunguziwa siku moja. Iliyo nzima inaweza kuharibika, na ikiharibika inaokota muda wa matengenezo kutoka orodha yako halisi. Ile 0.02 ibadilishe: gawanya hitilafu zilizolaza ndege kwa siku zilizoruka. Ndege zenye 0 ndizo zinazoruka. Safu G zihesabu kila siku kwa =COUNTIF(B3:F3,0), kisha hesabu siku zilizo chini ya 4 kama mwanzo.

Kisha ukaguzi wa kawaida wa ndege, ule wa kila saa 100 za kuruka. Caravan inayoruka saa 5 kwa siku inamaliza saa 100 ndani ya siku 20. Zipishanishe, kila siku 4 iingie moja. Ukiziacha zifikie saa 100 pamoja, mafundi watakuwa na ndege zote tano mezani kwa wakati mmoja, halafu wiki mbili wakae. Injini ya PT6A-114A, iliyomo kwenye Caravan nyingi, nayo hufunguliwa yote kwenye saa 3,600, kwa mwendo huo ni karibu miaka 2. Vuta tarehe hiyo iangukie Aprili au Mei, masika, watalii wachache. Julai usithubutu.

Mwisho, nakili faili mara mbili. Kwenye nakala ya kwanza ongeza ndege ya 6. Ya pili baki na 5, ila zile siku 20 za kusubiri kipuri andika 2, kana kwamba kipuri kipo stoo. Bonyeza F9 angalau mara 50 kila faili, andika matokeo, linganisha siku zilizopungua na bei ya kila njia. Mimi ningeanza na stoo: ndege mpya nayo itahitaji kipuri kilekile.