Agnes Jebet, tangu Guiyang

KAKA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Leo hatuna mgeni. Kiti cha tatu kiko wazi, dada amekiwekea thermosi ya chai.

DADA: Thermosi haikuwa na pa kukaa, kaka. Usianze kuwatafutia watu maana.

KAKA: (anacheka) Haya. Nilikuomba tumzungumzie Agnes Jebet Tirop, yule mkimbiaji wetu wa Kenya, ukanikatalia mara mbili.

DADA: Kwa sababu kila akitajwa tunaanzia mwisho. Iten, ule mji wa wakimbiaji, Oktoba 13, 2021, alipokutwa ameuawa nyumbani kwake. Mtu amekimbia tangu utotoni, halafu sisi tunamsimulia kwa siku moja. Leo tuanzie Guiyang.

KAKA: China, 2015. Mbio za nyika za dunia.

DADA: Ana miaka 19, na hiyo ni mbio ya watu wazima. Miaka miwili kabla, kule Poland, alikuwa wa pili kwa chipukizi, nyuma ya Faith Kipyegon. Sasa akaenda kuwashinda wakubwa. Ni Zola Budd peke yake aliyewahi kulitwaa taji lile akiwa mdogo zaidi.

KAKA: Halafu shaba mbili za mita 10,000, London 2017 na Doha 2019.

DADA: Na Tokyo, nafasi ya nne, mita 5,000. Hiyo ya nne inauma, wewe! Wa tatu anapokelewa kwa mursik, yale maziwa yetu ya mgando, wewe unatafuta begi lako. Wiki sita baadaye yuko Herzogenaurach, Ujerumani. Kilomita 10 za barabarani, wanawake peke yao: dakika 30 na sekunde 1. Rekodi ya dunia ya mbio za namna hiyo ilikuwa imekaa tangu 2002. Akaipunguza kwa sekunde 28.

KAKA: Na mwezi mmoja baadaye...

DADA: Mwezi mmoja na siku moja. Nimehesabu.

KAKA: Wewe ulikimbia Iten.

DADA: Misimu mitatu. Sikufika popote, magoti yalikataa. Lakini ile kazi naijua. Saa kumi na mbili asubuhi mnakutana barabarani, baridi inakata masikio. Hakuna salamu ndefu. Mkifika kilomita ya tano unajua mwenzako hakulala vizuri, pumzi inakuambia. Mkimaliza, chai, kila mtu kwake. Kuna binti nilikimbia naye karibu mwaka mzima. Nilikuja kujua ana mtoto siku alipoacha kuja.

KAKA: Mwaka mzima?

DADA: Hatuulizani. Na pesa ikishaingia ndiyo kabisa! Shamba limeandikwa jina la nani, kadi ya benki iko mfukoni mwa nani, hayo mtu hayataji. Wapo mabinti ambao mume ndiye kocha, ndiye meneja, ndiye dereva. Ukiwa na shida naye, utamwambia nani, na kazini yuko, na nyumbani yuko?

KAKA: Kwa Agnes, mumewe alishtakiwa kwa mauaji, naye akakana.

DADA: Hapo tuiachie mahakama. Mimi nawatazama wenzake. Chama cha riadha kilisimamisha mashindano kwa wiki mbili. Alizikwa Kapnyemisa, Nandi, Oktoba 23, siku yake ya kuzaliwa. Angetimiza 26. Sasa hesabu: Novemba 7, Viola Cheptoo yuko New York, marathoni yake ya kwanza. Huyu alikuwa mtu wa mita 1,500! Akamaliza wa pili, nyuma ya Peres Jepchirchir. Na hapo machozi ya mazishi hayajakauka.

KAKA: Ndiye huyohuyo aliyeanzisha Tirop's Angels pamoja na wenzake.

DADA: Wakimbiaji wenyewe kwa wenyewe, kaka. Wanakaa na mabinti, wanawauliza yale ambayo sisi tuliona aibu kuulizana. Nikiwaangalia namkumbuka yule wangu wa kilomita tano. Ningemuuliza tu, jamani, nyumbani hujambo?

KAKA: Lakini haijakoma. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, yule mkimbiaji Mganda, ametoka tu Olimpiki ya Paris, akachomwa moto na aliyekuwa mpenzi wake, akafariki Eldoret.

DADA: Haijakoma. Sina la kukuambia hapo.

(kimya)

KAKA: Ile mbio ya nyika ya Lobo, pale Eldoret, Februari 2022, waliyoipa jina la Agnes. Ulienda?

DADA: Nilienda. Nikasimama kando ya njia nikampigia kelele kila aliyepita, mpaka wa mwisho. Nadhani yule wa mwisho alifikiri namcheka.

KAKA: (anacheka) Na ile rekodi ya 30:01?

DADA: Ilivunjwa Aprili 2025, palepale Herzogenaurach. 29:27. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, redio iko dirishani. Namsikia mtangazaji: rekodi ya dunia, Herzogenaurach, Agnes Jebet... Mwiko ukabaki hewani.

KAKA: Ngetich. Agnes Jebet Ngetich.

DADA: Ngetich, ndiyo. Ila hilo jina la tatu lilichelewa kidogo kunifikia. Ugali ukaungua.