Kulanti ya Kompyuta: Rangi Haipozi Kitu

HAMISI: Karibuni tena. Leo tunalijibu swali linalorudi kila tukizitaja kompyuta zinazopozwa kwa maji: ndani mle niweke kulanti gani, yaani kile kimiminika kinachozunguka na kubeba joto? Salma ndiye fundi, mimi wangu ni kuuliza.

SALMA: Basi nianze kwa kukuudhi. Kama unatafuta kulanti inayopoza kuzidi nyingine zote, unajisumbua.

HAMISI: Ehe! Na zile chupa zinazoahidi kushusha joto?

SALMA: Piga hesabu mwenyewe. Gramu moja ya maji inabeba takriban jouli 4.2 kwa kila digrii inayopanda. Prosesa na kadi ya grafiki zitoe wati 300, pampu isukume lita 4 kwa dakika. Maji yakishapita kote yamepanda digrii 1 na ushei. Sasa changanya glikoli, kile kimiminika kinachotiwa kwenye kulanti nyingi, na tuseme uwezo wa kubeba joto umepungua kwa sehemu moja ya kumi. Tofauti utakayopata ni kama sehemu ya kumi ya digrii. Ukifungua dirisha tu umeipita.

HAMISI: Kumbe maji matupu ndiyo mabingwa.

SALMA: Kwa kupoza, ndiyo. Glikoli hata ni nzito kidogo, pampu inasukuma kwa taabu zaidi. Ila anayelitoa joto nje ni rejeta, pale maji yanapopozwa kwa hewa, na feni zake. Kulanti unainunua ili metali zisiliwe na mle ndani kusiote kitu. Hayo mawili ndiyo ya kutazama unapochagua.

HAMISI: Kwa hiyo maji ya bomba nisahau.

SALMA: Sahau kabisa. Yana kalsiamu inayoganda na kuwa magamba, yana kloraidi zinazochokonoa metali. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale wanayoongezea kwenye betri za gari. Maji nasema, si asidi! Na usidanganyike kwamba kwa kuwa ni safi hayapitishi umeme, eti yakivuja hakuna neno. Yakishazunguka humo yanaokota ioni za metali, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, na umeme unapita vizuri tu.

HAMISI: Hizo metali umezitaja mara ya pili sasa.

SALMA: Kwa sababu hapo ndipo watu wanapoharibu. Shaba na alumini zikikutana kwenye maji yenye ioni, umeshatengeneza betri. Alumini ndiyo inayojitoa mhanga: inaliwa taratibu, inaacha vitu vyeupe kama ute, na mwisho rejeta inatoboka. Shaba, brasi na nikeli zinavumiliana vya kutosha, ndiyo maana bloku nyingi, vile vipande vya metali vinavyokaa juu ya prosesa na kupitisha maji, ni shaba iliyopakwa nikeli. Kabla ya kulanti, uliza rejeta yako imetengenezwa kwa nini. Bei ikiwa ndogo ya kushangaza, shuku alumini.

HAMISI: Mbona ile mitambo inayokuja imefungwa kabisa, nyingi zina bamba la shaba na rejeta ya alumini?

SALMA: Zinayo, na zinadumu miaka. Kiwandani wametia vizuia kutu vya kutosha na wakafunga, hewa na maji mapya haviingii ovyo. Wewe unayefungua kila mara na kujazia unachokiona, huwezi kuitegemea bahati hiyo.

HAMISI: Haya, na kulanti ya gari? Kuna wanaoapa kwamba ni ileile.

SALMA: Ni ndugu. Ethilini glikoli, vizuia kutu, rangi. Lakini kwenye gari glikoli iko nyingi ili maji yasigande kwenye baridi na yasichemke injini ikiwa moto. Maji ya kompyuta kwa kawaida yanacheza kati ya digrii 30 na 45. Utazuia kuchemka gani? Unabaki na uzito, na ethilini glikoli ni sumu. Za kompyuta nyingi zinatumia propilini glikoli, ambayo sumu yake ni ndogo mno. Mimi ningechukua isiyo na rangi iliyochanganywa tayari, au maji yaliyotoneshwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na kuua vijidudu, kwa kipimo cha kwenye chupa. Kuongeza dozi hakusaidii.

HAMISI: Isiyo na rangi? Salma, mimi naipenda ile nyeupe kama maziwa!

SALMA: Najua, picha zake zinapendeza. Weupe ule ni chembechembe zinazoelea, na chembe hutua. Ndani ya bloku kuna mifereji myembamba, chini ya milimita moja. Zima kompyuta wiki kadhaa uone zinapojikusanya. Kwa maonyesho sawa, kwa mashine ya kazi ya kila siku siiweki. Rangi iliyoyeyuka haina balaa hilo, ila inatia madoa kwenye mipira inayopitisha maji.

HAMISI: Nimekubali, kwa shingo upande. Tuje kwenye kutunza.

SALMA: Kwanza rejeta mpya ioshwe. Mabaki ya dawa ya kulehemu yamo, na yakikutana na kulanti inavurugika. Tikisa na maji moto yaliyotoneshwa hadi yatoke safi. Ukishajaza, washa pampu peke yake, vingine vyote visipate umeme, weka tishu chini ya kila kiungio na uache saa 24.

HAMISI: Na kujazia ikipungua?

SALMA: Hapa wengi wanakosea. Kama hakuna uvujaji, kilichopotea ni maji, yanapenya kidogo kidogo kwenye mipira. Glikoli imebaki. Kwa hiyo ongeza maji yaliyotoneshwa, si kulanti. Kubadilisha yote, fuata chupa. Mwaka mmoja ni kawaida kwa zenye rangi.

HAMISI: Nitajuaje imechoka kabla ya huo mwaka?

SALMA: Itazame, halafu soma joto. Mawingu, utelezi, kijani ambacho hukukiweka: fungua. Kwenye namba, kazi iwe ileile. Pengo kati ya chipu na maji likikua, bloku imeziba au pasta, ile inayopakwa kati ya chipu na bloku, imekauka. Pengo kati ya maji na hewa ya chumba likikua, kulanti usiilaumu, futa vumbi kwenye rejeta. Na mipira laini inayoonyesha ndani ikiwa na ukungu, kilainishi cha plastiki kinatoka na kwenda kuganda kwenye bloku. Ile myeusi ya mpira wa EPDM haina tabia hiyo.

HAMISI: Nikihamia aina nyingine ya kulanti?

SALMA: Mwaga, suuza, ndipo ujaze. Ukichanganya mbili, vizuia kutu vyake vinaweza kugombana ukapata matope.

HAMISI: Ya zamani naimwaga wapi?

SALMA: Ikiwa na ethilini glikoli usiimwage nje. Ni tamu, mbwa na paka wanaiendea, na inawaua. Itie kwenye chombo chenye kifuniko na uipeleke panapopokelewa taka za kemikali.

HAMISI: Chupa ya soda je?

SALMA: Usithubutu! Irudishe kwenye chupa iliyokuja nayo, yenye lebo yake.